Saa Nane ya Kompyuta

Siku nilipomwambia mjomba kwamba nimepata nafasi ya kusomea shahada ya teknolojia ya kidijitali kwa njia ya uanagenzi, aliniuliza swali moja tu: "Chuo gani hicho mwanafunzi anakwenda siku moja kwa wiki?"

Tulikuwa tumekaa nje ya nyumba ya mama, juu huko upande wa Uluguru unaoutazama mji wa Morogoro. Kwetu Waluguru mjomba ana neno zito kuhusu watoto wa dada yake, kwa hiyo swali lake halikuwa la kupita tu. Nilimweleza taratibu. Siku nne za juma nitafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya mjini inayotengeneza programu za kompyuta. Siku ya tano nitakuwa darasani chuoni. Baada ya miaka minne nitapewa shahada ileile wanayopewa wenzangu wanaoshinda chuoni wiki nzima.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo wewe utakuwa kibarua anayesoma, au mwanafunzi anayefanya kibarua?"

"Vyote viwili, mjomba."

"Mtu hawi vyote viwili," alisema. Yeye alitaka niende chuo cha ualimu, kazi inayoeleweka.

Mama alikuwa anafunga mafungu ya karoti za kupeleka sokoni kesho yake. Hakuinua kichwa. "Mwache aende," alisema. "Akishindwa atarudi. Karoti zipo."

Nikaenda.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa hapohapo mjini na kuzungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Tulikuwa watu sita. Msimamizi wangu alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, ambaye sote tulimwita dada ingawa kwa umri angeweza kuwa shangazi yangu. Kwenye usaili nilikuwa nimemwambia kwamba najua kompyuta. Ukweli ni kwamba nilijua kompyuta moja, ile ya steshenari karibu na soko, ambako nilikuwa nikichapa barua za watu wakati wa likizo. Nadhani aliligundua hilo ndani ya saa ya kwanza. Alinipa programu zilizoandikwa na wengine, akaniambia nisome tu, mstari kwa mstari, kama mtu anavyosoma barua ya nyumbani.

Miezi ile ya mwanzo nilichoka kuliko nilivyowahi kuchoka shambani. Ijumaa mwalimu alikuwa anatufundisha namna data zinavyopangwa kwenye foleni. Jumatatu naikuta foleni yenyewe imekwama mbele yangu, na mteja yuko kwenye simu. Wanafunzi wa wiki nzima walituita vibarua. Walisema kwa utani, lakini utani ule ulikuwa na miba. Mimi nilikuwa nikijibu kimoyomoyo. Wao walisoma jinsi ya kutafuta kosa kwenye programu, sisi tulikuwa tumeshalitafuta na kulipata wiki iliyopita. Kila juma niliandika kwenye kitabu cha mwanagenzi nilichofanya, dada akasaini chini. Kitabu hicho ninacho mpaka leo, na kurasa zake za mwanzo zimejaa neno moja: "Nilisoma. Nilisoma. Nilisoma."

Mwaka wa pili ikaja kazi ya Dakawa.

Dakawa ni kwenye mashamba ya mpunga yanayomwagiliwa kwa mifereji. Maji hayawezi kwenda kwa kila mtu kwa wakati mmoja, kwa hiyo wakulima hupeana zamu. Kikundi kimoja cha wakulima kilikuwa kinabandika orodha ya zamu ukutani. Aliyekaa mbali ilimbidi afunge safari kwenda kuisoma, na mvua ikinyesha karatasi inalowa, ugomvi unaanza. Walituomba programu itakayomtumia kila mkulima zamu yake kwenye simu.

"Sehemu ya ujumbe ni yako," dada aliniambia. "Yote. Kuanzia unapoandikwa mpaka unapofika kwenye simu ya mkulima."

Ilikuwa kazi ya kwanza kuwa yangu kweli. Usiku huo nililala nikitabasamu, nadhani.

Sasa lazima nieleze jambo la saa. Kompyuta huanza kuhesabu saa katikati ya usiku. Sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza. Saa mbili yetu ya asubuhi, kwa kompyuta ni saa nane. Na saa nane yetu ya mchana, kwa kompyuta ni saa mbili. Kila mtu anayefanya kazi na mashine hizi analijua hilo, na mwanzoni nilikuwa nahesabu kwa vidole, kuongeza sita, kupunguza sita. Lakini baada ya mwaka mmoja na nusu sikuhitaji vidole tena. Nilikuwa nikiona nane kwenye skrini, akili inaona asubuhi moja kwa moja. Nilijivunia hilo. Nilijiona nimekuwa fundi.

Programu yangu ilikuwa inaandika saa kwa mtindo wa Kiingereza, namba na herufi mbili za kuonyesha kama ni asubuhi au mchana. Dada aliukagua ujumbe akasema, "Ufanye uwe Kiswahili kamili, halafu niuone tena kabla haujatoka." Kisha akasafiri kwenda Dodoma kwa siku mbili.

Niliziondoa zile herufi za Kiingereza, kwa sababu niliona zitawachanganya wakulima. Nikaweka neno "saa" mbele ya namba. Nikajitumia mwenyewe: *Zamu yako ya maji ni Jumanne saa 8.* Nikausoma, nikaona asubuhi. Nilipomwonyesha mwanagenzi mwenzangu, kijana wa Dumila aliyezoea saa za mashine kama mimi, naye akaona asubuhi. Badiliko lilikuwa dogo mno, maneno mawili matatu, na wakulima walikuwa wanasubiri. Nilijiambia halihitaji kukaguliwa. Jumatatu nikautuma kwa watu wote.

Jumanne asubuhi dada alikuwa amesharudi. Tulikuwa tunakunywa chai simu ikalia. Mpigaji alikuwa katibu wa kikundi cha Dakawa, na nyuma yake nilisikia watu wanapayuka.

"Watu wamejaa hapa mferejini na majembe," alisema. "Hawa ni wa mchana. Wa asubuhi hawaonekani. Maji ya wa asubuhi yanapita bure, na hawa wanayataka wao. Mmewaandikia nini?"

Dada aliweka simu mezani. Alitutazama mmoja mmoja. "Nani amegusa maneno ya ujumbe?"

Pale palikuwa na nafasi ya kunyamaza, walau kwa dakika chache. Nilikuwa nimeshaelewa kilichotokea; nilielewa katibu aliposema "wa mchana".

"Mimi, dada. Niliutuma bila kukuonyesha."

Nilisubiri kugombezwa. Alichukua mkoba wake. "Beba kompyuta yako. Tunakwenda Dakawa."

Njiani alimpigia katibu, akaandika majina ya waliokosa maji.

Tulifika saa sita mchana imepita. Mwenye kufungua maji alikuwa na orodha yake ya mkono, iliyoandikwa na katibu kwa saa zetu za kawaida, na alikuwa amefuata hiyo. Asubuhi alifungua lango la mfereji kwa wenye zamu ya asubuhi, hawakuwepo wa kuyaelekeza maji kwenye majaruba yao, vile vishamba vilivyozungushiwa kingo, maji yakaishia kwenye mtaro. Wenye zamu ya mchana walikuwa wamefika tangu saa mbili, wamekaa kwenye kingo, wamekasirika.

Saa nane kamili wakaanza kuja wale wa asubuhi. Hakuchelewa hata mmoja. Wa mbele alikuwa bibi mmoja, khanga imefungwa kifuani, jembe begani, miguu tayari kwa tope. Nilimsogelea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Maji yangu yako wapi?"

Alinionyesha simu yake ndogo, ujumbe wangu umefunguliwa. "Mjukuu wangu amenisomea mara mbili. Saa nane. Mpunga wangu umebeba mimba, ukikosa maji wiki hii utatoa pumba tupu."

Dada alikuja karibu yangu akanong'ona, "Utasema wewe au niseme mimi?"

"Nitasema mimi."

Nilipanda kwenye ukingo wa mfereji ili wote wanione. Walikuwa kama watu arobaini. Niliwasalimia, nikawaambia kwamba ujumbe ule niliuandika mimi, na kwamba nane niliyoiandika ilikuwa nane ya kompyuta, yaani saa mbili yao ya asubuhi. Niliwaambia niliambiwa nimwonyeshe msimamizi wangu kwanza, sikumwonyesha. Niliomba radhi.

Mtu mmoja akacheka kwa hasira. "Yaani kompyuta haijui saa?"

"Kompyuta inajua saa yake," nilimjibu. "Ni mimi niliyesahau saa yetu."

Mwenyekiti wa kikundi alisema mambo ya simu yaishe, warudi kwenye karatasi. Wengi waliitikia. Nilimwona dada ameinamisha kichwa, na nilijua kazi ile ilivyokuwa muhimu kwa ofisi. Ndipo yule bibi akaegemea jembe lake akasema, si kwa kupaza sauti, lakini walimsikiliza.

"Karatasi nayo ilinikosesha zamu mwaka jana. Aliyeiandika sikumwona hapa kuja kusema. Huyu amekuja. Mwacheni arekebishe alichoharibu. Mkimfukuza, nani atarekebisha?"

Walibishana kidogo, kisha wakakubaliana. Wawili kati ya wenye zamu ya mchana wakatoa saa mojamoja ya zamu zao ili mashamba yenye mpunga uliobeba mimba yapate maji siku ileile. Nilivua viatu, nikakunja sketi, nikaazima jembe. Nilimsaidia bibi kufungua kingo za majaruba yake, moja baada ya jingine, maji yakiingia polepole na kujaza nyufa za udongo. Alinitazama nikilima, akaanza kucheka.

"Wewe ni wa mlimani."

"Umejuaje, bibi?"

"Unavuta udongo kama unaogopa utateremka. Huku hauendi popote. Legeza mkono."

Nililegeza mkono.

Tukiwa njiani kurudi, dada alisema hatimaye. "Kosa la saa ni kosa la mtu yeyote. La kutonionyesha ni lako peke yako. Usilirudie." Kisha akaongeza: "Lakini leo umesimama vizuri."

Ujumbe niliurekebisha jioni ileile na akaukagua mara tatu. Lakini hakuniacha hapo. Alinipangia wiki nne za kazi nizifanyie Dakawa, mferejini, si ofisini. Alisema kompyuta nimeshaisikiliza vya kutosha, sasa nikasikilize watu wanavyotaja wakati.

Nilikwenda na daftari. Nilidhani nitajaza kurasa mbili. Nilijaza daftari zima. Niligundua kwamba vijana wakisema "Jumanne usiku" na wazee wakisema "usiku wa Jumatano", wote wanaweza kuwa wanataja usiku mmoja, kwa sababu kwa wazee siku huanza jua linapozama. Zamu za usiku zilikuwa zimeleta ugomvi miaka yote, na kila upande uliuona mwenzake mwongo. Kumbe hakuna aliyekuwa mwongo. Nikaiandika programu upya ili kila zamu ya usiku itajwe kwa ukamilifu: usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Mwenyekiti aliposoma ujumbe wa kwanza wa namna hiyo, alimwita katibu aje kuuona. Akasema, "Huu hata baba yangu angeuelewa." Nikageuka pembeni, nisionekane nilivyofurahi.

Yule bibi ndiye aliyenipa jambo jingine. "Herufi zako ni ndogo na macho yangu ni ya zamani," aliniambia. "Kwani simu si ya kusemea?"

Basi tukatengeneza ujumbe wa sauti. Mkulima anapigiwa, anapokea, anaambiwa zamu yake. Tulimtafuta kijana mwenye sauti nzito ya kutangaza harusi, akarekodi. Wakulima waliisikia wakasema anaongea kama anaomba kura. Walitaka sauti ya yule binti aliyekuja. Ofisini kwetu kelele za barabarani zilikuwa nyingi, kwa hiyo mzee wa duka alinifungulia ghala lake, nikakaa katikati ya mifuko ya saruji, naye akawazuia wapakiaji wasipakie kitu kwa saa nzima. Nilirekodi siku saba za wiki, saa zote kumi na mbili, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Nilipotoka nilikuwa mweupe wa vumbi kama mwiko wa mwashi, na mzee akanipa soda.

Msimu ule mpunga wa bibi ulikubali. Msimu uliofuata vikundi vingine viwili viliomba programu ileile.

Mwaka wa nne ulifika wakati wa kutetea kazi yangu mbele ya jopo: wahadhiri wawili na mtaalamu mmoja kutoka kampuni ya nje. Mwanagenzi huchagua kazi moja aliyoifanya na kuieleza mwanzo hadi mwisho. Wenzangu walinishauri nianze na ule ujumbe wa sauti, jambo lililofanikiwa. Nilianza na Jumanne ile. Ukurasa wa kwanza niliweka maneno niliyowatumia wakulima, kama yalivyokuwa.

Yule mtaalamu wa nje aliyasoma, akavua miwani. "Kwa nini unatuonyesha kosa kabla ya kazi?"

"Kwa sababu kazi yote ilitoka humo," nilisema. "Kama nisingekosea ningebaki ofisini, nisingejua kuhusu usiku wa kuamkia, wala macho ya wazee."

"Na kama ungeambiwa leo uandike tena, ungeanzia wapi?"

"Mferejini."

Waliniuliza maswali kwa zaidi ya saa moja. Kuhusu kuhifadhi namba za simu za watu, kuhusu mtandao ukikatika, kuhusu mkulima asiyepokea. Kila swali nilikuwa na mtu wa Dakawa kichwani ambaye lilikuwa limemkuta, nikawajibu kwa kueleza habari za huyo mtu. Nilipotoka nje, dada alikuwa amekaa kwenye benchi kwenye korido, mikono ameifumbata kama mzazi hospitalini. Sikujua kwamba atakuja.

Nilifaulu kwa daraja la juu. Siku ya mahafali mjomba alivaa kanzu nyeupe na koti, akashuka mlima mapema kuliko sisi sote, tukamkuta langoni anasalimiana na watu asiowajua na kuwaeleza kazi ya uanagenzi kama vile aliibuni yeye. Mama alivaa kitenge kipya. Alinishika joho, akalipapasa kitambaa, akauliza kama nitalirudisha. Nikamwambia ndiyo, ni la kuazima. Akasema basi tupige picha nyingi.

Wiki mbili baadaye nilimwomba mama twende pamoja Dakawa. Maisha yake yote amelima kwenye mteremko na kupeleka mboga mjini. Tambarare ile ya mpunga alikuwa akiisikia tu. Alisimama kwenye ukingo akatazama ule uwanda wa kijani uliofika mpaka macho yanapochoka. "Huku mtu halimi akiwa ameshikilia kitu," alisema.

Bibi alitukaribisha kwake. Salamu za wakubwa wale wawili zilichukua muda, habari za nyumbani, za watoto, za mvua za mlimani. Wakati tunamenya miwa, simu ya bibi ikalia. Aliibonyeza akaiweka mkekani, na sauti ikatoka, ya taratibu: "Habari ya asubuhi. Zamu yako ya maji ni leo, Jumamosi, saa nane mchana mpaka saa kumi na moja jioni."

Mama aliacha kumenya muwa. Alinitazama mimi, midomo yangu imefungwa, kisha akaitazama simu.

"Rudisha," alimwambia bibi.

Bibi akabonyeza, sauti ikasema tena yote. Mama aliisikiliza akiwa ameinama, sikio karibu na simu, kama anayesikiliza mtu mgonjwa. Ilipoisha aliinuka, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Wangapi wanapigiwa hivi?"

"Wote wenye zamu, mama. Vikundi vitatu sasa."

"Na wote wanakusikia wewe."

"Ndiyo."

Alimgeukia bibi. "Huyu nimemzaa mimi," alisema, kama kwamba jambo hilo lilikuwa bado halijulikani.

"Najua," bibi alijibu. "Analima kama watu wa kwenu."

Wakacheka sana wote wawili. Mchana bibi akaangalia jua, akachukua majembe matatu yaliyoegemea ukutani, akampa mama moja na mimi moja, tukatangulia shambani ili maji yatukute.